Jiwe la Kipushi ndani ya gitare

Bila shaka umekwisha kusikia megafoni yenye batri zake zinakaribia kufa. Mutu anasema vizuri, lakini sauti inatoka na magamba, inakwaruza, inajaa mu masikio kama nyuki wa mu muzinga. Mara moja fundi anakimbia kuizima. Sasa ujue kwamba kuna watu wenye walisikia kosa la namna hiyo na hawakulizima. Walilipenda, wakalifungia ndani ya kisanduku cha chuma, wakaanza kuliuzisha. Kisanduku hicho kinaitwa pedali ya fuzz. Mupiga-gitare anakikanyaga na muguu, na gitare yenye ilikuwa inalia polepole inaanza kunguruma.

Vijana wa makwaya yetu ya Likasi, ya Kolwezi na ya Kipushi wanakitafuta sana. Wengi wanangojea ndugu wa Ulaya ao wa Afrika ya Kusini awatumie kimoja, na kungojea huko kunaweza kuwa kwa miaka. Lakini mu Fuzz Face ya Waingereza, ndiyo pedali yenye ilijulikana kuliko zote, kuna vipande 11 tu. Na kipande chenye kinabeba sauti yote, kilitengenezwa na madini yenye Katanga ilichimbua kwa wingi kuliko karibu nchi zote za dunia. Kwa hiyo mwezi huu tufungue kisanduku hiki pamoja, tufwate njia zake, na mwenye mikono ya kazi ajitengenezee chake.

(Wazee wengine watasema kwamba sauti ya kunguruma ni ya dunia. Ninawaheshimu. Kwa mawazo yangu chuma hakina dhambi. Tuangalie wimbo na mutu mwenye kuuimba. Tuache hayo pale.)

Kosa lenye lilipata bei

Habari inaanzia Nashville, muji wa muziki kule Marekani. Grady Martin alikuwa anapiga gitare ya besi ya nyuzi sita mu wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", wenye ulitoka mwaka wa 1961. Wakati wa kurekodi, sehemu moja ya meza ya sauti ikaharibika, na gitare ikatoka imepasuka-pasuka. Wakaiacha vile. Watu wakaipenda, na wanamuziki wengine wakaja kuuliza: sauti ile tutaipata wapi? Lakini kitu chenye kimeanza kuharibika hakingojei mutu, na ile mashine ikakufa kabisa. Basi fundi wa sauti, Glenn Snoddy, akasaidiana na mwenzake Revis Hobbs kulitengeneza kosa lile tena, safari hii kwa kusudi, na transistori ndogo. Kampuni ya Gibson ikaichukua kazi yao, ikaiuzisha tangu mwaka wa 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni watu hawakuijali sana. Kisha mwaka wa 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akaitumia mu wimbo "Satisfaction", na visanduku vikaisha mu maduka.

Mwaka ule ule wa 1965, mu London, fundi Gary Hurst akaichunguza ile ya Wamarekani, akaigeuza ili sauti idumu zaidi mbele ya kuzimika. Yake ikaitwa Tone Bender. Mwaka wa 1966 kampuni ya Ivor Arbiter, mu London vilevile, ikatoa Fuzz Face: sahani ya chuma ya muviringo, vifungo viwili kama macho, na chini yake kinywa chenye kucheka. Njia za ndani zinafanana sana na za Tone Bender moja yenye ilitangulia. Jimi Hendrix akaikanyaga mbele ya watu, na jina lake likajulikana duniani kote. Unaona mustari wenyewe: kila mumoja alifungua kazi ya mwenzake, akaifwata kwa kidole, akaongeza yake.

Kwa sababu hii swali linakuja, na ni swali la haki kwa mukristo: kufungua kazi ya mutu na kuichora, je, si wizi? Snoddy na Hobbs walipewa hati ya uvumbuzi mu Marekani mwaka wa 1965. Wakati ule hati ya namna hiyo ilikuwa inalinda kazi kwa miaka 17, maana yake iliisha mwaka wa 1982. Tangu pale kazi ile ni ya kila mutu. Shema za zamani za namna hii, maelfu ya watu wanazijenga duniani bila kumuficha mutu. Lakini jina ni jambo lingine. Ukitengeneza chako na kuandika juu yake jina la kampuni ya Ulaya ili ukiuzishe bei, pale umeiba, na umemudanganya mununuzi tena. Andika jina lako.

Madini yenye ilitoka chini ya miguu yetu

Katika Fuzz Face za kwanza, transistori mbili zilikuwa za jermaniumu. Madini hii iligunduliwa mwaka wa 1886 na Clemens Winkler, mutaalamu wa Freiberg mu Ujerumani, na kwa miaka karibu 60 ilikosa kazi kubwa. Kisha, mu mwezi wa 12 mwaka wa 1947, John Bardeen na Walter Brattain wakatengeneza transistori ya kwanza ya dunia juu ya kipande cha jermaniumu. Kwa rafla moja viwanda vyote vikaanza kuitafuta.

Na iko wapi? Wasomaji wetu wa Kipushi wanajua jibu. Mugodi wao, kilometa karibu 30 kutoka Lubumbashi, ulianza mwaka wa 1924 kwa ajili ya shaba, na zinki ikafwata. Ndani ya mawe yake kuna jiwe moja lenye rangi ya shaba ya zamani, lenye wataalamu waliita renierite, kwa kukumbuka Armand Renier, mutaalamu wa mawe wa Ubelgiji. Jiwe hilo linabeba jermaniumu. Katika miaka ya 1950 Kipushi ya Union Minière ilikuwa kati ya visima vikubwa vya jermaniumu duniani, pamoja na Tsumeb ya Namibia. Ilisafirishwa mpaka Ubelgiji, ikasafishwa kule, ikaingia mu viwanda vya radio. Hakuna mutu mwenye anaweza kuchukua transistori moja ya zamani na kusema "hii ni ya Kipushi", maana mu tanuru madini yote inachanganyika. Lakini mutu wa Kipushi mwenye kuishika mu mukono hashike kitu kigeni.

Mugodi ulisimama mwaka wa 1993, wengi wetu tunakumbuka njaa yenye ilifwata. Ulianza tena kazi mwaka wa 2024, zaidi kwa ajili ya zinki. Mwaka ule ule wa 2024, ile kampuni ya Gécamines yenye inatumika ku terili ya Lubumbashi, ule mulima mweusi kando ya shimini, ilianza kutuma Ubelgiji unga wenye jermaniumu, yenye ilikuwa imelala mu takataka za tanuru miaka mingi. Leo haiendi tena mu radio. Inaenda mu nyuzi za kioo zenye kupitisha intaneti, na mu kamera zenye kuona usiku. Radio na ampli zilihamia ku transistori za silisiumu tangu mwisho wa miaka ya 1960.

Na si jermaniumu peke yake. Sumaku za chini ya nyuzi za gitare ya umeme, nyingi zimetengenezwa na mchanganyiko wa aluminiumu, nikeli na kobalti, na zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko nywele, mara maelfu. Eteni ya kusude ni ndugu ya ile ya Manono na ya Maniema. Baba zetu wa Katanga walipiga gitare bila umeme hata kidogo, na dunia iliwasikia: Mwenda Jean Bosco alirekodiwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka wa 1952. Na kule Kinshasa, Konono No. 1 ya mzee Mingiedi walitoa sumaku mu vyuma vya motokari za zamani, wakatengeneza mikro za likembe. Sauti yao ilitoka na kukwaruza kwenye Ulaya ilinunua mu diski katika miaka ya 2000. Hawakungoja kisanduku cha mutu.

Sauti inakatwa kichwa

Mbele ya kushika chuma cha moto, fahamu kwanza kazi yenyewe. Umeme wenye kutoka mu gitare ni mudogo sana, kama sehemu moja juu ya kumi ya volti, na unapanda na kushuka kama vilima vya mbali vyenye migongo laini. Transistori ya kwanza inavikuza vilima hivyo, ya pili inavikuza tena. Lakini batri ni ya volti 9 tu, na hakuna kilima chenye kinaweza kupita urefu wa batri. Basi kikifika kule juu kinakatwa kichwa, kinabaki tambarare kama terili yenye katerpila ilisawazisha. Kule kukatwa ndiko kunazaa sauti nyingine nyingi juu ya ile moja, na sikio linasikia kunguruma. Na kwa sababu kilima kidogo na kilima kikubwa vyote vinakatwa ku kimo kimoja, nyuzi inaendelea kulia kwa nguvu moja murefu sana, karibu kama filimbi.

Kufwata njia kwa kidole

Shema yenye nitakupa chini, watu waliitoa ku pedali zenyewe, kipande kwa kipande, na imepita mu mikono mingi. Lakini usiifwate kama kipofu. Ujifunze namna inavyotolewa, juu kesho utakutana na ampli ao radio yenye haina karatasi yoyote, na akili ni ile ile.

Toa batri kwanza. Piga picha na telefone pande zote mbili mbele ya kugusa waya hata moja. Kibao kina nyuso mbili: juu vipande, chini njia za shaba. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Ukikigeuza, mukono wa kuume unakuwa wa kushoto. Andika jina lako ku karatasi na wino mweusi, ligeuze mbele ya dirisha, utaona herufi zinavyotembea kinyume. Fanya vivyo hivyo na picha ya chini: ichapishe, ao uichore ku karatasi nyepesi, uibandike ku kioo ikiwa imegeuzwa, na uandike vipande juu yake. Hivyo pande mbili zitaongea luga moja.

Kisha anzia ku kitu chenye hakiwezi kukudanganya: waya mbili za batri. Paka rangi nyekundu njia yote yenye kushikamana na chanya, na buluu yote yenye kushikamana na hasi. Multimetri iweke ku alama ya kulia. Ikilia, nukta zote mbili ziko mu njia moja. Enda polepole, nukta kwa nukta, na kila mustari wenye umekwisha kuuhakikisha upake rangi. Usiseme "hii lazima inaenda pale". Katika kazi hii neno "lazima" limeharibu saa nyingi za mafundi.

Rezistansi usiipime ikiwa ingali imesudewa mahali pake. Umeme wa multimetri unapita pia mu vipande jirani, na jibu linatoka chini ya kweli. Inua muguu wake mumoja, ao usome rangi zake. Katika Fuzz Face utakuta machungwa tatu zenye kufwatana, ndiyo kilo-omu 33. Kahawia, nyeusi na manjano, ndiyo kilo-omu 100. Kijivu, nyekundu na nyekundu, ndiyo kilo-omu 8.2, manjano, zambarau na kahawia, ndiyo omu 470. Angalia pia eteni ya kila muguu. Pahali yenye kungaa kuliko jirani zake, fundi mwengine alipita pale, na pengine aliweka kipande chenye alikuwa nacho tu mu mufuko.

Kuna watengenezaji wenye wanamwaga gundi nyeusi ngumu juu ya kibao ili mutu asione. Hao uwaachie gundi yao. Siku mbili za kukwangua hazilipi.

Ukimaliza, hesabu miguu. Transistori mbili ni miguu 6, vifungo viwili vya kugeuza ni 6, rezistansi nne ni 8, kondansateri tatu ni 6. Jumla 26. Kama mu karatasi yako kuna muguu wenye kuning'inia bila njia, shema haijaisha.

Vipande 11 na njia zao

Sasa chukua kalamu. Transistori zetu ni za aina ya PNP, kwa hiyo chanya ya batri ndiyo inashikamana na kisanduku na na masi yote, na hasi ndiyo inapeleka kazi. Ni kinyume cha pedali za leo, na nitarudia jambo hili mbele kidogo.

Gitare inaingia kwa kondansateri ya mikrofaradi 2.2, upande wake wa chanya ukiangalia gitare, mpaka ku bazi ya transistori ya kwanza. Emeteri ya kwanza inashuka sawasawa mu masi. Kolekteri yake inapanda ku hasi ya batri kwa kupitia kilo-omu 33, na papo hapo inashikana na bazi ya transistori ya pili, bila kitu katikati. Emeteri ya pili inashuka mu masi kwa kupitia kifungo cha kilo-omu 1, kile kinachoitwa fuzz. Muguu wa katikati wa kifungo hicho unaenda mu masi kwa kondansateri ya mikrofaradi 20 ao 22, chanya yake ikiwa upande wa masi. Toka emeteri ya pili, rezistansi ya kilo-omu 100 inarudi nyuma mpaka ku bazi ya kwanza. Hiyo usiidharau: ni kama murugenzi wa kwaya, anasikiliza watu wa nyuma na anawapungia mukono watu wa mbele, wasipite mbio.

Kolekteri ya pili inapanda kwa kilo-omu 8.2, kisha kwa omu 470, mpaka ku hasi. Sauti tunaichukua katikati ya hizo mbili, kwa kondansateri ya mikrofaradi 0.01, inaingia mu kifungo cha volume cha kilo-omu 500, na toka pale inaenda ku ampli. Kwa nini katikati na si ku kolekteri yenyewe? Juu sauti ya ku kolekteri ni kubwa kupita kipimo. Omu 470 ni kama sehemu moja juu ya 18 ya njia ile yote, na ampli inapokea sehemu hiyo tu. Inamutosha.

Yote hii inakula chini ya miliampea 1. Batri ndogo ya pembe nne ya volti 9 itamaliza miezi, ikiwa unachomoa waya ya gitare kila mara. Tumia tundu la kuingilia lenye miguu mitatu, lile la stereo: muguu wa tatu unaushikanisha na waya ya batri, na batri inafunguka yenyewe gitare ikichomolewa.

Kibao chenye matundu kinafaa. Kisanduku kiwe cha chuma, juu plastiki inaacha mivumo ya umeme iingie. Mukebe wa maziwa ya unga utazuia mivumo, lakini hautavumilia kiatu cha mupiga-gitare. Mafundi wenye wanayeyusha aluminiumu kwa sufuria wanaweza kukumwagia kizuri kuliko cha dukani.

Transistori hazifanani kama mapacha

Hapa ndipo kazi inatofautiana na kununua mukate. Unaweza kufwata shema bila kosa na bado upate sauti mbaya. Transistori mbili za jermaniumu zenye namba moja, za kiwanda kimoja, za siku moja, moja inakuza mara 60 na nyingine mara 140. Watengenezaji wa miaka ile waliweka yenye ilikuja mu mukono, ndiyo maana Fuzz Face moja ni dhahabu na dada yake ni takataka.

Za kuchagua utazipata mu radio za zamani, zile za miaka ya 1960 na 1970 zenye zimelala chini ya vitanda vya wazee. Omba ruhusa. Ku transistori za Ulaya, herufi ya kwanza A ni jermaniumu na B ni silisiumu: AC125, AC126 na AC128 ni nzuri, lakini AC127 iache, ni ya aina ya kinyume. Zile za zamani zaidi zinaitwa OC71 ao OC75. Mu radio za Japani tafuta zenye kuanza na 2SB. Za zamani nyingi kati yao ni jermaniumu.

Multimetri yenye tundu la kupima transistori itakudanganya. Jermaniumu inavuja: hata bazi ikiwa haijashikwa, umeme kidogo unapita, na multimetri inauhesabu kama nguvu. Pima hivi. Emeteri ku chanya ya batri ya volti 9. Kolekteri ku hasi kwa kupitia kilo-omu 2.4. Bila kugusa bazi, soma volti juu ya hiyo kilo-omu 2.4, ndiyo kuvuja. Kisha shikanisha bazi na hasi kwa kupitia megaomu 2.2, usome tena. Toa namba ya kwanza ku ya pili, uzidishe mara 100. Kama mwanzo ilikuwa volti 0.2 na sasa ni 1.1, inabaki 0.9, nguvu ya kweli ni 90 hivi. Yenye kuvuja kupita volti 0.5 iweke kando. Kwa ya kwanza tafuta karibu 80, kwa ya pili kati ya 100 na 130. Na usiishike na vidole wakati wa kusoma: joto la mukono peke yake linapandisha namba mbele ya macho yako.

Kisha mu nafasi ya kilo-omu 8.2 weka rezistansi ya kugeuza ya kilo-omu 20. Pima toka masi mpaka kolekteri ya pili, na ugeuze mpaka usome volti 4.5, ndiyo nusu ya batri. Nusu juu, nusu chini, kilima kina nafasi pande zote mbili. Usisahau kuongozwa na sikio pia. Wengine wanapenda 5.

Kama umekosa jermaniumu kabisa, silisiumu kama BC108 inafanya kazi, lakini ni aina ya NPN, kwa hiyo geuza batri na kondansateri zote mbili za chanya. Sauti ni kali zaidi, inakata kama panga. Na wakati mwingine inanasa radio ya jirani, usishangae habari za saa moja zikitoka mu ampli katikati ya ibada.

Maneno machache kwa wazazi. Volti 9 haziui mutu, lakini ampli ya umeme wa nyumba inaua hata ikiwa imezimwa; mutoto afungue pedali, asifungue ampli. Eteni ya kusude mara nyingi ina risasi ndani: dirisha wazi, mikono ioshwe mbele ya kula, na chuma cha moto kisikae pahali watoto wachanga wanatambaa. Wakati wa kusude transistori, shika muguu wake na koleo, joto liishie pale.

Na lile jambo la chanya ku masi: pedali hii iwe na batri yake peke yake. Ukiishikanisha na kisanduku cha umeme chenye kulisha pedali nyingine, masi yao na chanya yako vitakutana, na kitu kitaungua. Gitare iingie moja kwa moja mu pedali hii, mbele ya nyingine zote. Hivyo ukipunguza volume ya gitare na kidole, kunguruma kunageuka sauti safi bila kukanyaga kitu.

Mwezi wa 6 asubuhi ya Lubumbashi ni baridi, na pedali italia vizuri. Mwezi wa 10, chini ya mabati saa saba ya muchana, kuvuja kwa jermaniumu kunazidi mara mbili kwa kila digri 10 hivi, na sauti inaanza kukatika-katika. Fungua kisanduku, pima kolekteri ya pili, geuza kidogo mpaka 4.5 irudi, ufunge.